Jina Ambalo Rosalie Hakuliita

Rosalie Hudak alikuwa na sauti ya kiwandani. Karibu maisha yake yote ya kazi alisimama mbele ya mashine za kubana milango ya magari, upande wa mashariki wa Cleveland, na katika kelele zile mtu akitaka kumwomba mwenzake bisibisi ilimlazimu apige ukelele kama anayeita ng'ambo ya mto. Alipostaafu, sauti haikustaafu naye. Akiagiza soseji kwa muuza nyama wa Mtaa wa Fleet, hata waliopanga foleni nje walijua anataka ratili mbili za ile yenye kitunguu saumu. Dada yake alimkataza kupiga simu asubuhi, eti inamuumiza sikio. Kanisani padri alimwomba kwa adabu zote aimbe kwa moyo zaidi na kwa koo kidogo. Ni mahali pamoja tu duniani palipokuwa na haja na sauti ile: mabenchi ya kushoto, nyuma ya ukuta wa uwanja wa besiboli, ambako Wahunzi wa Cleveland, timu yetu, wamekuwa wakituvunja moyo tangu babu zetu washuke melini.

Watu wa mabenchi si kama watu wa viti vya mbele. Hatuna kivuli, hatuna pa kuegemea, na bia ikitufikia imeshapata joto. Uso wa mchezaji tunauona kwenye televisheni nyumbani. Uwanjani tunachokiona ni migongo, migongo ya wale watatu wanaolinda uwanja wa nyuma. Ndiyo maana tuna desturi ya kuita majina. Mwanzo wa mchezo, kabla mrushaji wetu hajarusha mpira wa kwanza, mtu mmoja husimama akaliita jina la mchezaji wa kulia, kisha wa katikati, kisha wa kushoto. Kila jina benchi zima linalidaka na kulipigia makofi mawili, na hatunyamazi mpaka mwenye jina ageuke aguse kofia yake. Akishagusa, tumeonana, mchezo unaweza kuanza.

Anayeanzisha ni mmoja, na cheo chake hakina uchaguzi. Rosalie alikipata kwa mzee mmoja mwenye mapafu mabovu, ambaye siku moja aliishiwa pumzi katikati ya jina, akamgeukia yule mwanamke mwenye mdomo mkubwa aliyekaa nyuma yake na kumwambia, "Haya, wewe sasa." Hakuna aliyepinga. Nani angesikika akipinga?

Na kati ya majina yote aliyowahi kuyaita, hakuna lililomkaa kooni vizuri kama la Anselmo Quiroz. Alitujia kutoka Maracaibo akiwa kijana mwembamba, suruali inampwaya, wakampeleka kulinda upande wa kushoto, mbele yetu kabisa, na akakaa hapo miaka kumi na minne. Rosalie aliujua mgongo ule kuliko alivyoujua wa marehemu mumewe. Alijua goti linamuuma siku gani, kwa jinsi alivyoegemea mguu mwingine. Alijua akiwa na hasira, kwa maana alikuwa akipigapiga glavu pajani. Mwaka ambao Rosalie alifiwa na mama yake, alikosa michezo kadhaa. Siku aliporudi hakuwahi hata kufungua mdomo: Anselmo aligeuka mwenyewe, akatafuta safu hadi safu, na alipomwona akaweka kiganja kifuani. Hawakuwahi kusemezana neno, wala hawakuhitaji.

Sasa, mabenchi yana desturi nyingine, na hiyo haina huruma. Mpira wa adui ukivuka ukuta ukatuangukia, hatuuweki. Unarudishwa uwanjani palepale, kwa kutupwa, ili mpigaji aone akiwa bado anazunguka besi zake, vile vituo vinne vya kukimbilia pointi, kwamba zawadi yake hatuitaki. Mwenye kusitasita hupigiwa kelele za "Rudisha!" mpaka mkono unyooke. Na hakimu wa sheria hiyo alikuwa nani, kama si Rosalie?

Muulizeni Thurman Gaines. Thurman aliendesha malori ya jiji ya kukokota theluji mpaka mgongo ukamkatalia, na ndiye aliyekaa ubavuni mwa Rosalie, wakigawana njugu na matusi. Msimu mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, mpira ulimdondokea Thurman mikononi, wa kwanza maishani mwake. Ulikuwa wa adui.

"Dada," alisema akiukumbatia, "nimeungoja huu tangu nikiwa na meno ya utoto."

"Sheria ni sheria, Thurman."

"Nani atajua? Niutie kofiani tu."

"Mimi nitajua. Rudisha!"

Na benchi zima likaitikia, rudisha, rudisha, mpaka mzee wa watu akasimama na kuutupa. Michezo miwili alikuja akakaa bila kumsemesha. Wa tatu alileta njugu.

Tuje kwenye kiangazi chenyewe. Anselmo alikuwa na miaka thelathini na minane, na katika besiboli huo ni uzee wa kuombewa kiti. Gongo lake bado lilikuwa na maneno, lakini miguu ilikuwa inasema kwaheri. Mipira aliyokuwa akiidaka huku anatabasamu sasa ilimpita akiinamia. Wahunzi walikuwa mkiani mwa ligi kama kawaida yao, na Detroit walikuwa wanautaka ubingwa na wanamtaka mpigaji mzoefu. Wakatangaza watatoa kijana mwenye mkono wa chuma ili wampate mzee. Mwisho wa kubadilishana wachezaji ni mwisho wa Julai, na mwezi mzima ule Cleveland haikuwa na habari nyingine.

"Wamwachie aende," alisema Thurman. "Unapata kijana wa miaka ishirini kwa mzee mwenye goti la mbao. Hata mimi ningejibadilisha."

"Nani akuchukue wewe?"

"Nacheka, lakini nasema kweli. Huku kwetu atamaliza vipi? Tutamzomea mpaka astaafu kwa aibu. Kule atapata pete ya ubingwa."

"Pete akavae Maracaibo? Huyu ni wetu. Mtu anakupa magoti yake, halafu unampeleka sokoni kama jokofu lililokufa?"

"Rosie, mpira ni biashara."

"Basi kanunue tiketi ya benki ukaangalie biashara!"

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Katika ligi hii mchezaji aliyedumu miaka kumi, na mitano ya mwisho akawa na klabu moja, hapelekwi popote asipokubali mwenyewe. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa Anselmo. Waandishi walipomzonga, alijibu kwa sauti yake ya chini kwamba hajaamua, mkewe ameupenda mji huu, na mtu akitaka kujua kama bado anatakiwa mahali, asikilize. "Nitasikiliza," alisema. Rosalie aliisoma sentensi ile gazetini akaona ni maneno ya heshima tu, akalitumia gazeti kufungia maganda ya viazi.

Ijumaa ya mwisho ya Julai tulikuwa tunaongoza, raundi ya mwisho, mpira mwepesi ukapanda juu ukamshukia Anselmo. Mpira wa kumrushia mkwe. Ukagonga ukingo wa glavu ukaanguka. Wapinzani wawili wakakimbia hadi besi ya nyumbani wakapata pointi, tukafungwa. Rosalie alirudi nyumbani kichwa kinamgonga. Hasira yenyewe haikuwa ya mpira, kwa kuwa tumeshafungwa kwa njia za aibu zaidi. Alikasirika kwa sababu mwezi mzima alikuwa amemtetea, amegombana na nusu ya mabenchi kwa ajili yake, na huyu anakwenda kumwangushia ushahidi mbele ya kadamnasi.

Jumamosi mchana alipanda mabenchi na hasira yake haijapoa. Mchezo ukaanza. Akasimama, akaliita jina la wa kulia. Makofi mawili, kofia ikaguswa. Akaliita la wa katikati. Makofi, kofia. Kisha akakaa.

Mabenchi yakanyamaza. Watu walimtazama, kwa maana jina la tatu haanzishi mwingine, na hakuna aliyethubutu kuanza. Kule chini Anselmo alikuwa amesimama na mgongo wake, mikono magotini, anangoja. Mrushaji wetu naye alichelewesha kidogo, akifikiri labda upepo umelimeza jina. Halafu Anselmo akageuka bila kuitwa. Akayatazama mabenchi, akagusa kofia taratibu, akarudisha uso mbele.

"Umemsahau mmoja," Thurman alinong'ona.

"Sikumsahau."

Alikuwa anamnunia, basi. Alimnunia kama mama anavyomnunia mwanawe asubuhi, na jioni akampakulia chakula kikubwa kuliko cha wengine. Kesho yake angeliita jina lile mpaka nyavu za uwanja zitikisike. Lakini kesho yake mgeni alisimama upande wa kushoto, wakasema Anselmo anapumzishwa goti, na Jumatatu, Rosalie akiwa jikoni unga wa pierogi, yale maandazi ya kuchemshwa ya kwao, umemfika viwikoni, redio ikatangaza kwamba amekubali kwenda Detroit. Wakampa nafasi ya kuaga.

"Niliahidi kusikiliza," sauti yake ilisema redioni. "Jumamosi nilisikiliza. Watu wangu wa kushoto wameniambia ni wakati. Siwalaumu. Nawashukuru kwa miaka yote."

Rosalie alibaki amesimama, unga unamkauka mikononi. Akatamani kuipigia redio ukelele, kumwambia mtu yule hapana, hukusikia vizuri, ile ilikuwa ni hasira ya siku moja. Aliizima. Pierogi za siku ile hakuzichemsha. Alizitupa zikiwa mbichi, jambo ambalo mama yake angefufuka kulikemea.

Uchungu ulikuwa na mzizi mwingine, na ule hakumwambia mtu. Siku yake ya mwisho kiwandani, msimamizi alikuwa likizo, keki ikaletwa imeandikwa jina la mwanamke mwingine, na hakuna aliyesimamisha mashine. Alivua glavu, akatoka kwa mlango wa maegesho, sauti ile kubwa haina wa kuiitikia. Aliapa siku ile kwamba yeye hatamfanyia mtu hivyo. Na sasa alikuwa amemfanyia mtu hivyo, mbele ya jiji zima, mtu ambaye aliwahi kumwekea kiganja kifuani.

Detroit walikuwa na safari moja tu iliyobaki ya kuja kwetu, Septemba. Rosalie akaishi kwa ajili ya siku hiyo. Angelifika mapema, na Anselmo akisimama pale mbele yao, hata akiwa na jezi ya kijivu ya wageni, angeliita jina lake. Aliyakiri hayo kwa Thurman.

"Utamwita adui?" Thurman aliuliza. "Watakuzomea."

"Wazomee. Wewe utapiga makofi?"

Thurman alivunja njugu, akaangalia ganda. "Nitaona," alisema.

Jumapili waliyokuja Detroit mvua ilikesha mpaka asubuhi, uwanja ukafunikwa turubai, mazoezi ya kupiga yakafutwa. Rosalie aliloa getini bure. Alijaribu kushuka hadi viti vya mbele, mlinzi akaitazama tiketi yake ya mabenchi na kumrudisha kwa upole. Kisha majina ya wachezaji yakatangazwa. Detroit walikuwa wanamhurumia goti. Anselmo angepiga tu, hangelinda uwanja. Upande wa kushoto wakati wa wageni kukinga palikuwa na mtu mwingine, na yeye Anselmo angekaa ndani ya kibanda cha wachezaji, mwisho kabisa wa macho, mpaka zamu yake ya gongo.

Alipoingia kupiga mara ya kwanza, uwanja wote ulisimama ukampigia makofi. Sisi ni watu wa namna hiyo, tunakuuza halafu tunakulilia. Anselmo alivua kofia ya chuma akaiinua, akageukia viti vya kulia, vya nyuma, vya kushoto kwa karibu. Huku nje kwenye mabenchi hakufika. Rosalie aliliita jina lake kwa nguvu zote, lakini ni nani angeitambua sauti moja ndani ya bahari ile ya kelele? Alikaa akiwa na machozi ya hasira.

"Bado atapiga tena," Thurman alimwambia.

"Na mimi nitamfikaje? Kwa roketi?"

Raundi ya saba, jua limetoka, viti vinafuka mvuke, Anselmo akaingia tena. Mpira wa pili aliupiga kwa katikati ya gongo. Mlio wake tuliujua sote, maana tuliushangilia miaka kumi na minne. Mpira ulipanda juu ya uwanja wa kushoto, ukawa mdogo, ukaanza kukua, ukaja kwetu. Watu wakainua mikono. Ukaligonga benchi la mbele, ukaruka, ukampiga mtu begani, ukaviringika ukasimama miguuni mwa Rosalie Hudak. Akainama akauokota.

Ulikuwa wa moto kidogo, umeloa upande mmoja. Miaka yote ile hakuwahi kushika mpira wa mchezo.

"Rudisha!"

Alianza mtu wa safu ya juu, kisha kumi, kisha wote, kwa mdundo uleule aliowafundisha yeye. Rudisha, rudisha. Kule chini Anselmo alikuwa ameipita besi ya kwanza, anakimbia taratibu kwa goti lake bovu, na njia ya kutoka besi ya kwanza kwenda ya pili inamwelekeza mtu uso kwa uso na mabenchi ya kushoto. Alikuwa anawatazama. Rosalie aliona wazi kwamba anawatazama. Akiukumbatia mpira huu mbele yake, atakuwa amemwambia yote: chako tunakitaka, bado tunakutaka. Akiurudisha, atakuwa amemfukuza mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

Alitaka kuuweka. Mungu anajua alitaka kuuweka. Alijikuta anamgeukia Thurman.

Thurman hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anautazama mpira ule, na Rosalie akakumbuka jinsi mzee huyu alivyoukumbatia wake, na ni nani aliyemwambia sheria ni sheria. Kama sheria ilikuwa ya Thurman peke yake, basi haikuwa sheria, ilikuwa uonevu. Yote haya yalimpita kwa muda wa kumeza mate. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukautupa.

Haukwenda mbali. Uliangukia kwenye nyasi karibu na ukuta, ukadunda mara mbili, ukatulia. Mabenchi yalilipuka kwa shangwe, mtu akampiga Rosalie mgongoni kwa furaha. Anselmo alikuwa anaikanyaga besi ya pili. Aliuona mpira ukirudi, na aliona umetoka safu gani. Akainamisha kichwa, akaendelea.

Hapo ndipo sauti ilipomjia. "An-sel-mo!" aliita, ukelele wa kiwandani, ule wa kupenya chuma. "An-sel-mo!" Shangwe ilikatika, watu wakageuka kumtazama kama aliyeshikwa na wazimu. Aliita tena, na ubavuni mwake akasikia makofi mawili, mazito, ya viganja vya usukani. Thurman alikuwa amesimama. Akaita tena, na makofi yakawa ya watu watano, ya watu ishirini, wakongwe wale wa zamani waliokumbuka, jina likaanza kutembea benchi hadi benchi.

Lakini Anselmo alikuwa ameshaipita besi ya tatu. Kutoka hapo hadi besi ya nyumbani mchezaji hutugeuzia mgongo. Walikuwa wanauona tena, mgongo ule, kwa jezi ya kijivu na namba si yake, ukienda mbali nao kwa kuchechemea. Mara zote ulipoitwa uligeuka. Rosalie aliita mpaka ulipoingia kibandani, akaita hata ngazi zilipobaki tupu, mpaka mpigaji mwingine akaja na gongo lake na mwamuzi akaashiria mchezo uendelee.

Watu wakakaa mmojammoja. Mlinzi wetu wa kushoto, yule kijana mwenye mkono wa chuma, aliuokota mpira kwenye nyasi, akawapa wafagizi wa uwanja waupeleke wanakopeleka.

Thurman alikaa wa mwisho. Alitoa mfuko wa njugu, akaushika bila kuufungua.

"Ungebaki nao tu, dada," alisema. "Mimi nisingesema neno."

Rosalie alifungua mdomo kumjibu, na sauti haikutoka.